Tunataka kuchangisha kwa zawadi za vitabu: je, ni kamari, na droo tuiendesheje?

*“Sisi ni kikundi cha wasomaji, watu kama arobaini, tunaokutana mtandaoni. Tunataka kuchangia shirika la hisani linalopeleka vitabu kwenye wodi za watoto. Wanachama wamejitolea zawadi 23: seti za riwaya, nakala zenye sahihi za waandishi, vialamishi vya kurasa vilivyoshonwa kwa mkono, mwandishi mmoja yuko tayari kumpa mhusika wa riwaya yake jina la mshindi, na mhariri mmoja atasoma mswada. Tumefikiria anayechanga fungu moja apate nafasi moja kwenye droo, mwenye mafungu kumi apate kumi. Mara ya mwisho tulipofanya jambo dogo la namna hii, mshindi alikuwa rafiki wa mwendeshaji, maneno yakawa mengi na watu wawili wakajitoa. Sasa mwenzetu mmoja anasema hii ni kamari na tunaweza kushtakiwa. Mwingine anasema tukiita ‘mchango’ badala ya ‘tiketi’ hakuna tatizo. Nani yuko sahihi? Na safari hii tufanyeje ili pesa zifike na asibaki mtu na kinyongo?”*

Umeuliza mambo mawili, la sheria na la kuaminiana, na yote mawili huamuliwa kabla mchango wa kwanza haujaingia. Siku ya droo hakuna tena unachoweza kukirekebisha. Kama kanuni hazikuandikwa, mshindi yeyote anayefahamiana na mwendeshaji ataonekana amepangwa, hata kama ameshinda kihalali kabisa. Nadhani hicho ndicho kilichowapata mara ile: huenda hakuna aliyeiba, ila hapakuwa na kitu cha kumwonyesha anayelalamika.

Kuhusu wenzako wawili, wa kwanza yuko karibu zaidi na ukweli. Machoni pa sheria za nchi nyingi, bahati nasibu husimama juu ya mafiga matatu: mtu analipa ili aingie, mshindi anapatikana kwa bahati, na kuna zawadi yenye thamani. Mafiga yote matatu yakiwepo, hiyo ni bahati nasibu, uiite mchango, uiite sadaka, uiite shukrani. Jina haliondoi figa. Nia njema nayo haiondoi. Mpango wenu kama ulivyo sasa, fungu moja nafasi moja, una mafiga yote matatu.

Hiyo haina maana kwamba mmekwama. Nchi nyingi zimeacha mlango kwa ajili ya hisani, ila mlango wenyewe una masharti. Uingereza, kwa mfano, chini ya Sheria ya Kamari ya 2005, chama kidogo kinaweza kuchezesha bahati nasibu kikijisajili kwa halmashauri ya eneo lake. Angalau asilimia 20 ya mapato lazima iende kwenye lengo lililotangazwa, na kila tiketi lazima iuzwe kwa bei moja. Sharti la mwisho huwanasa wengi, maana “nafasi kumi kwa bei ya nane” ni kosa hapo. Marekani kila jimbo lina lake: yapo yanayoruhusu mashirika ya hisani yaliyosajiliwa peke yake, na katiba ya Utah inakataza bahati nasibu kwa lengo lolote lile. Ninyi mnakutana mtandaoni, kwa hiyo sheria ya alipo mwendeshaji inaweza isitoshe. Ya walipo wachangaji nayo inaweza kuwagusa. Kabla ya jambo jingine lolote, orodhesheni nchi ambazo wanachama wenu wanaishi. Zikiwa mbili, kazi ni ndogo. Zikiwa kumi na moja, acheni kabisa wazo la kuuza nafasi na muondoe figa moja.

Mnaweza kuondoa lipi? Mkiondoa malipo, mnaweka njia ya kuingia bure: anayetaka anajaza fomu bila kuchanga, na nafasi yake inakuwa na uzito uleule wa nafasi ya aliyechanga. Njia hiyo lazima itangazwe mahali palepale na kwa herufi zilezile kama ile ya kuchanga. Kuificha chini ya ukurasa kunaifanya isihesabike. Tena, kama mchangaji anaweza kupata nafasi kumi, anayeingia bure naye awe na njia ya kufikisha kumi, la sivyo usawa haupo. Wengi huogopa kwamba wote watapita bure. Kikundi kinachokusanyika kwa sababu ya hisani mara nyingi hakifanyi hivyo, lakini hatari ni ya kweli tangazo likienea kwa watu wawinda zawadi wasiojua hata mnachangia nini. Kwa hiyo njia hii inafaa mkibaki ndani ya jumuiya yenu na jirani zake. Mjue pia kwamba si kila nchi inaikubali kama dawa.

Mkiondoa bahati, mna milango miwili. Mmoja ni shindano la ujuzi, kama fumbo la wahusika wa riwaya au insha ya maneno 300, linaloamuliwa na majaji kwa vigezo vilivyotangazwa. Lina kazi nyingi na huwatisha wasiojiamini kuandika. Swali jepesi ambalo kila mtu anajua jibu lake halihesabiki kuwa ujuzi. Bahati inarudi kupitia dirishani. Mlango wa pili ni mnada, na hapo ndipo ningependa mtue kwa sehemu ya zawadi zenu.

Mnada na droo havivuni pesa kwa namna moja, na kutoelewa tofauti hiyo ndiko kunakopoteza michango mingi. Katika mnada, bei huwekwa na watu wawili wanaokitaka kitu zaidi ya wengine wote. Wa pili akiacha kupandisha, bei imesimama, hata kama wa kwanza angetoa mara tatu. Kwa hiyo mnada unafaa kwa kitu cha pekee ambacho watu wachache wanakililia. Droo hukusanya kidogokidogo kutoka kwa wengi, kwa hiyo inafaa kwa kitu ambacho kila mtu angekifurahia lakini hakuna atakayekigombania. Chukua seti ya riwaya nane. Ukiinadi, hakuna atakayezidi bei ya dukani, kwa sababu duka lipo. Ukiiweka kwenye droo, watu sitini wanaweza kutia fungu mojamoja na mkapata mara kadhaa ya thamani yake. Sasa chukua jina la mhusika. Wanaolitaka kwa dhati ni watatu au wanne. Kwenye droo watatoa fungu kadhaa kila mmoja na basi, ila kwenye mnada watapandishana.

Kwa hiyo ningezigawa zawadi zenu hivi. Jina la mhusika, usomaji wa mswada, na nakala mbili tatu zenye sahihi ambazo ni adimu kweli, ziende mnadani. Seti za riwaya na nakala za kawaida zenye sahihi ziende kwenye droo, iwe kwa kibali cha kisheria au kwa njia ya kuingia bure. Vialamishi msiviwanie kabisa: wapeni wachangaji wa kwanza, mathalani ishirini, kama shukrani. Hapo hakuna bahati wala ushindani, kialamishi kinaingia kwenye bahasha ya kawaida, na tangazo lenu linapata msukumo siku ya kwanza, siku ambayo wengi husema “nitachanga kesho”.

Mnada wa mtandaoni unahitaji kanuni chache tu, lakini zote ni za lazima: bei ya kuanzia, kiwango cha kupandisha, na saa ya kufunga. Ongezeni hii: dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, muda unasogea dakika tano nyingine, tena na tena mpaka kimya kipite. Bila kanuni hiyo, mjanja mmoja husubiri sekunde ya mwisho, anaongeza kidogo, na mwenzake aliyekuwa tayari kutoa zaidi hapati nafasi. Anayepungukiwa hapo ni shirika. Aliyetoa zawadi asiweke dau kwenye zawadi yake. Mshindi akishindwa kulipa ndani ya saa 48, zawadi iende kwa wa pili kwa dau lake mwenyewe, na hilo liandikwe mapema.

Sasa njia ya pesa. Pesa zisipite mikononi mwa mtu yeyote katika kikundi, hata mwaminifu kuliko wote. Mwombeni anayeshughulikia michango katika shirika awafungulie ukurasa au namba ya kumbukumbu ya kampeni yenu, kisha kila mchangaji alipe moja kwa moja. Sababu si uaminifu peke yake. Pesa zikiingia kwenye akaunti yako zinaweza kuonekana ni kipato chako mbele ya kodi, mfumo wa malipo unaweza kuifunga akaunti kwa kuona miamala mingi midogo ya ghafla, na mtu akidai kurudishiwa baada ya droo mzigo unabaki wako. Wakilipa moja kwa moja, ninyi mnashughulika na stakabadhi tu. Msiwaahidi watu nafuu ya kodi. Marekani, kwa mfano, bei ya tiketi ya bahati nasibu haihesabiki kuwa mchango wa hisani kwa ajili ya kodi, na kwenye mnada huhesabika ile ziada tu iliyozidi thamani ya soko ya kitu. Swali la kodi likiulizwa, mwelekezeni muulizaji kwa shirika.

Kwa kuwa hamzishiki pesa, mnahitaji namna ya kujua nani katoa nini. Fomu moja inatosha: jina, barua pepe, namba ya muamala, kiasi, na jinsi anavyogawa nafasi zake. Omba pia nchi anayoishi na uthibitisho kwamba ametimiza umri unaoruhusiwa. Anwani ya nyumbani usiiombe mpaka mtu ashinde. Huna kazi nayo. Ukipokea picha ya stakabadhi, mwambie mtu afute namba ya kadi au ya akaunti kabla ya kutuma. Kisha kila jioni mtu mmoja apange namba za miamala kwa mfuatano na kutazama zinazojirudia. Stakabadhi ileile kutumwa mara mbili ni jambo la kawaida, mara nyingi kwa sababu mtu hakuona ujumbe wa kuthibitisha akadhani haikufika. Ndiyo maana ujumbe wa kuthibitisha uende siku hiyohiyo, ukiwa na msimbo wa mchangaji, mfano R-017, na idadi ya nafasi zake. Makosa mengi mtayasahihisha hapo, siyo baada ya droo.

Kugawa nafasi ndiko kunakobadilisha mambo kwa wapenzi wa vitabu. Msiweke nafasi zote kwenye chungu kimoja. Mpenzi wa riwaya za upelelezi akishinda diwani tatu za mashairi hatafurahi, na mpenda mashairi aliyekosa atasikitika mara mbili. Tengenezeni makapu, kila kapu likiwa na ladha yake, na mchangaji achague nafasi zake ziende kapu gani. Mwenye nafasi 3 katika kapu lenye nafasi 60 ana uwezekano wa asilimia 5, na anajua anachokiwania. Hilo peke yake huwafanya watu waongeze fungu. Ila zawadi nyingi mno huwatawanya. Mkiwa na makapu 18 na wachangaji 70, mengine yataambulia nafasi mbili na mwenye zawadi atafedheheka. Kwa kikundi chenu ningeziunganisha zawadi za droo ziwe makapu saba au manane. Wekeni pia kikomo cha nafasi kwa mtu mmoja katika kapu moja, tuseme 20, ili mwenye uwezo asilifunge kapu na kuwakatisha tamaa wenye fungu mojamoja. Na makapu yote yatangazwe siku ya kwanza. Mkiongeza kapu tamu katikati, waliokwisha kutumia nafasi zao wataona wamepunjwa, na watakuwa na haki.

Kanuni zenyewe zisizidi ukurasa mmoja. Ziseme nani anaendesha, shirika gani linafaidika, nafasi inapatikanaje, makapu yana nini, kufungua na kufunga ni lini, mshindi anapatikanaje, ana siku ngapi za kujibu, nani analipa posta na mpaka nchi zipi. Saa ya kufunga iandikwe kwa tarakimu za saa 24 pamoja na ukanda wa saa: “23:59, UTC+3”, yaani saa za Afrika Mashariki. Sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu hapa. “Saa 12 jioni” na “12:00” ni vitu viwili tofauti, na katika kundi lenye watu wa nchi nyingi kila mmoja atasoma kwa saa yake. Wanaoiona orodha ya washiriki yenye majina, pamoja na watu wa nyumbani mwao, wasishiriki kwenye droo. Marafiki msiwazuie. Katika watu arobaini wanaopendana vitabu, kila mtu ni rafiki wa mtu, na mkianza kuwachuja marafiki hamtabaki na mshiriki. Dawa ni utaratibu ambao hata rafiki akishinda, mgeni anaweza kuukagua.

Utaratibu huo ni huu. Baada ya kufunga, tengenezeni lahajedwali (jedwali la kompyuta, kama la Excel) ya kila kapu, mstari mmoja kwa nafasi moja: mwenye nafasi 3 anakaa mistari mitatu. Mistari ipewe namba kuanzia 1. Chapisheni orodha kwa misimbo tu, bila majina, saa 24 kabla ya droo, kila mtu ajitafute. Mistari 1 hadi 3 ni R-017, wa 4 ni R-022, wa 5 hadi wa 14 ni R-031, na kuendelea. Muda huo ukipita, orodha haiguswi tena.

Kisha tumieni namba ambayo hakuna kati yenu anayeweza kuipanga, na ambayo itajulikana hadharani baada ya orodha kufungwa, kwa mfano tarakimu tano za droo ya bahati nasibu ya taifa mliyoitaja mapema kwa jina na tarehe. Gawanya namba hiyo kwa idadi ya nafasi za kapu, chukua baki, ongeza 1. Tuseme kapu lina nafasi 60 na namba iliyotoka ni 48271. Sitini inaingia mara 804, ambazo ni 48240, baki 31. Ongeza 1: mshindi ni mstari wa 32. Mtoto wa shule anaweza kuhakikisha. Angalizo moja: tumieni tarakimu nyingi. Mkitumia mbili tu, 00 hadi 99, mistari 40 ya kwanza itakuwa na njia mbili za kushinda na mistari 20 ya mwisho njia moja, yaani mmewaachia watu nusu tu ya nafasi ya wenzao bila kujua. Kwa tarakimu tano tofauti hiyo inabaki njia 1,667 dhidi ya 1,666, na hakuna atakayeihisi.

Kama mnapenda karatasi na kontena mbele ya kamera, ni sawa, ila changanyeni kwelikweli. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani ilichagua vijana wa kwenda jeshini kwa kuchomoa vidonge 366 vyenye tarehe za kuzaliwa, na waliochunguza baadaye waliona tarehe za miezi ya mwisho wa mwaka zimetoka mapema kupita kiasi: vidonge vyake viliingizwa mwisho na havikuchanganywa vya kutosha. Kwenu yatatokea hayohayo kama karatasi za wachangaji wa mwisho zitamiminwa juu. Karatasi ziwe za ukubwa mmoja, zikunjwe mara moja kwa namna moja, na karatasi kumi za mtu mmoja zisikunjwe pamoja, maana hushikana. Anayechomoa asiwe mshiriki.

Wanaotaka kutumia lahajedwali kwa namba za nasibu wajue makosa mawili. Namba hizo hubadilika kila unapogusa seli, kwa hiyo zinakiliwe kama thamani mara tu zinapotoka. Na ukipanga safu moja bila kuchagua jedwali zima, misimbo inaachana na wenyewe, na hapo droo yote imeharibika kimyakimya.

Vyovyote mtakavyochagua, mwombeni mmoja wa wale wawili waliojitoa awe shahidi, kama bado mnasalimiana. Aliyetilia shaka mara ya kwanza ndiye mkaguzi mzuri kuliko wote.

Wakati wa kuchomoa, toeni pia wa akiba wawili kwa kila kapu. Kwa ile njia ya kugawanya, wa akiba ni mstari unaofuata wenye msimbo mwingine. Mshindi apewe siku saba na barua pepe mbili, kisha aingie wa akiba. Bila hilo mtarudia droo baada ya wiki, na droo ya pili haiaminiwi kamwe.

Zawadi zenyewe zinahitaji maneno ya wazi kuliko mapambo. Kwa kila kitabu andikeni lugha, jalada gumu au laini, mwaka wa toleo, ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), na hali yake: doa, ukurasa uliokunjwa, jina la mmiliki wa zamani ndani. Msiandike “toleo la kwanza” kwa sababu kitabu kinaonekana cha zamani. Tazameni ukurasa wa haki miliki, na kama hamna uhakika andikeni mwaka peke yake. Nakala za mapitio zinazotolewa kabla ya kitabu kutoka, zile zilizopigwa chapa ya “si ya kuuzwa”, msiziweke, kwani mchapishaji alizitoa kwa masharti na mwandishi wake ataumia kuziona mnadani. Kitabu cha kielektroniki kilichokwisha kununuliwa nacho hakihamishiki; mara nyingi mnunuzi alipewa leseni ya kusoma tu. Kama mtu anataka kutoa kitabu cha namna hiyo, anunue kama zawadi kwa ajili ya mshindi baada ya kujua nchi yake, maana maduka hufunga mauzo kwa eneo. Kuhusu sahihi, mwandishi akiwa mbali anaweza kusaini karatasi ndogo ya kubandika ndani ya jalada: inasafiri kwa bahasha, na anaweza kuandika jina la mshindi.

Usomaji wa mswada upimwe kwa idadi. “Nitasoma mswada” ni ahadi isiyo na mwisho, na mhariri mwema atajikuta na kurasa 600 mezani. Semeni: maneno 7,500 ya kwanza, maoni ya kurasa mbili hadi tatu, ndani ya wiki nane, aina za uandishi anazozikubali, na mshindi atume kazi yake ndani ya miezi sita. Jina la mhusika nalo lina yake. Mwandishi abaki na haki ya kukataa jina la matusi au la mtu maarufu. Jina la mtu mwingine liwe na ridhaa yake. Na mshindi aelewe kwamba mhusika anaweza kuwa mpishi wa sura moja, au mwuaji. Msiahidi tarehe ya kitabu kutoka, kwani hakuna mwandishi anayeimiliki.

Posta ndiyo inayowashangaza watu. Karatasi ya A5 ina eneo la mita za mraba 0.031. Kitabu cha kurasa 300 ni karatasi 150, na kwa karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba, hizo ni gramu 370 na ushei kabla ya jalada. Vitabu nane vya namna hiyo ni kilo tatu, bila kasha. Posta nyingi huweka kikomo cha kilo 2 kwa vifurushi vidogo vya kimataifa, na baadhi huruhusu hadi kilo 5 kwa vitabu vilivyotumwa kama machapisho, kwa nauli nafuu zaidi. Ulizeni dirishani kwa jina hilohilo, “machapisho”. Kila mtoa zawadi apime kwenye mizani kabla ya kutangaza, kisha aandike kama atatuma popote au nchini mwake tu. Nauli isikatwe kamwe kwenye michango. Kuhusu mipaka, Mkataba wa Florence wa 1950, ulioandaliwa na UNESCO, unaondoa ushuru wa forodha kwa vitabu kati ya nchi zilizojiunga nao, lakini kodi za ndani na ada za kushughulikia kifurushi zinaweza kumfikia mshindi. Mwambieni mapema. Thamani kwenye fomu ya forodha iandikwe ya kweli.

Kufunga: mfuko wa plastiki kwanza kwa ajili ya unyevu, kisha kipande cha kadibodi ngumu juu na chini kilichozidi kitabu kidogo kila upande, maana kona ndizo zinazogonga kwanza. Tia ndani ya kasha, jaza mapengo, tikisa. Ukisikia kitu kinatembea, fungua ujaze tena. Gundi ya utepe isiguse jalada.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayatoshi na inabidi kukaa na mtu. Nendeni kwa mwanasheria au mamlaka inayosimamia michezo ya kubahatisha kama mtauza nafasi kwa umma nje ya kikundi, kama wachangaji wako nchi kadhaa, au kama watoto wanaweza kushiriki. Kitabu cha kale chenye thamani kubwa kipelekeni kwa mthamini kabla ya kukiwekea bei ya kuanzia. Kama pesa zimeshapitia akaunti ya mwanachama, mhasibu aone hesabu kabla hazijahamishwa tena. Na kabla ya yote hayo pateni barua kutoka kwa shirika lenyewe inayosema linajua kampeni yenu, linakubali jina lake litumike, na linakubali njia mliyochagua. Baadhi ya mashirika hayapokei kabisa fedha za bahati nasibu, kwa sababu za kisheria au za imani, na ni afadhali mjue kabla ya fomu kufunguliwa kuliko kurudisha michango ya watu mmojammoja.